Pesa ya Kuonyesha, Pesa ya Kula

Iko biashara isiyo na kibao mlangoni. Mtu anakuwekea shilingi milioni hamsini kwenye akaunti yako, zinakaa siku chache, benki inakuandikia barua yenye mhuri, kisha pesa inarudi kwa mwenyewe na wewe unabaki na barua pamoja na riba ya kulipa. Wanaiita pesa ya kuonyesha. Mimi na mke wangu tulipokuwa tunajiandaa kuhama Dar es Salaam na watoto wetu wawili kwenda Kanada, tuliletewa ofa hiyo mara mbili, ya pili ikitoka kwa mtu tuliyekuwa tukisali naye. Tulikataa, wala sijisifu, maana tulikataa kwa woga tu. Mwezi wa nne tangu tufike Edmonton ndipo nilipojua tumeponea wapi. Kile kiasi ambacho Kanada hutaka kukiona kabla ya kukupa viza ndicho tulichokuwa tunakila.

Nazungumzia njia ya Express Entry, iliyoanza Januari 2015 kwa watu wenye ujuzi wanaoomba ukaazi wa kudumu, kwa sababu ndiyo tuliyopita sisi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2025, mtu mmoja anayeomba bila ofa ya kazi ya huko anatakiwa awe na dola za Kanada 15,263. Mke na mume wasio na mtoto, 19,001. Watu watatu, 23,360. Watu wanne, 28,362. Kwa pesa yetu hiyo ya watu wanne ni zaidi ya shilingi milioni 50, na kwa jirani zetu wa Kenya ni zaidi ya milioni mbili na nusu. Kiwango hupandishwa kila mwaka, kwa hiyo anayeanza kudunduliza leo ajue kwamba siku atakayokifikia atakuta kimesogea mbele kidogo. Ongeza asilimia kumi juu ya unachokiona sasa.

Familia nyingi za kwetu hukwama hapo, na si kwamba hazina kitu. Mali ipo, ila haiko benki. Sisi pesa tunaifukia ardhini: kiwanja Kigamboni, msingi wa nyumba Chanika, vyumba vinne vya kupangisha Mbagala, ng'ombe wawili kwa babu. Ofisa wa Kanada haoni kiwanja. Thamani ya nyumba au ardhi haihesabiki hata umpelekee hati na ramani. Pesa ya kukopa nayo haihesabiki, iwe ya benki, ya kikoba au ya shemeji. Kinachotakiwa ni pesa iliyo yako, unayoweza kuitoa na kuondoka nayo, na barua ya benki inayotaja tarehe uliyofungua akaunti, salio la siku hiyo, wastani wa salio kwa miezi 6 iliyopita, na madeni unayodaiwa. Rudia kusoma hapo kwenye wastani wa miezi 6. Milioni hamsini zilizoingia Jumanne iliyopita zinapiga kelele ndani ya barua hiyo, na atakayebainika amedanganya hufungiwa mlango kwa miaka 5.

Zawadi ya kweli inakubalika. Kama baba au kaka anakupa kwa moyo wake pesa ambayo hutairudisha, mwandikishiane barua ya zawadi yenye saini, mtoaji aonyeshe alikoitoa, na iingie benki mapema. Mgawo wa kikoba ukifika zamu yako, upeleke benki siku hiyo hiyo na utunze daftari. Pesa inayokaa kwenye kabati la nguo au inayozunguka kwenye simu haitakusaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza la bajeti yenu ni hili: tunauza nini, na lini? Jibu la lini ni mapema, miezi 12 hadi 18 kabla ya kuomba. Mnunuzi akisikia una viza mkononi na tiketi ya wiki ijayo, bei yako imekwisha. Namfahamu mtu aliyeuza eneo la Bunju kwa nusu ya bei kwa sababu mnunuzi alikuwa jirani yake na watoto wake walikuwa wanacheza na watoto wa muuzaji, wakasikia habari za ndege. Uza kiwanja kitupu kwanza, kile ambacho hakikuingizii chochote na kila mwaka unakwenda kukiangalia kama kimevamiwa. Gari uza mwisho, maana utalihitaji kwa kuzunguka kwenye maofisi. Nyumba yenye wapangaji, kama unaweza kufikisha kiasi bila kuiuza, iache. Muachie mtu mmoja hati ya uwakala iliyoandikwa na wakili na kusajiliwa, umtajie kwa maandishi anachoruhusiwa kufanya, na kuuza kusiwemo. Ndugu wengi wamefarakana kwa sababu ya karatasi iliyosema tu kwamba fulani ataangalia nyumba.

Hapa watu huniuliza kama ukihama unapoteza ardhi. Ardhi inafuata uraia, na ukaazi wa kudumu wa Kanada haukuondolei Utanzania. Kinachouondoa ni kuchukua uraia wa kule, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, tofauti na Kenya iliyoruhusu kupitia Katiba ya 2010. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio nje. Ni jambo la kulifuatilia na mwanasheria miaka ikisogea, wala lisikufanye uuze nyumba kwa hofu mwaka huu. Mkenya naye akumbuke kuulizia NSSF yake, maana mfuko huo una fao la mwanachama anayehama nchi moja kwa moja. Sisi tulikutana na Wakenya wawili Edmonton waliolisikia kwetu kwa mara ya kwanza.

Pesa ikishaingia benki, iwekwe kwa sarafu gani? Mwanzoni mwa 2024 dola ya Marekani ilikuwa inakimbilia shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyebadilisha pesa yake yote Januari alilia. Shilingi yetu nayo ilishuka sana mwaka huo, ikapanda ghafla kuelekea Desemba. Hakuna anayejua itakavyokwenda, na mwenye kukuambia anajua anakuuzia kitu. Sisi tulifungua akaunti ya dola na kila mwezi tulibadilisha kiasi kile kile, iwe bei nzuri au mbaya. Hatukupata faida yoyote ya kusimulia, ila hakuna usiku tuliokosa usingizi kwa ajili ya dola.

Sasa tuje kwenye hesabu ya watu, ambayo huwaumbua wengi kuliko hesabu ya pesa. Kanada inapouliza familia yako, haiulizi unaosafiri nao. Mke au mume na kila mtoto wako aliye chini ya miaka 22 na hajaoa au kuolewa, wote wanaandikwa, hata asiyekwenda, hata anayelelewa na mama yake Singida na hujamwona tangu ubatizo. Wanahesabiwa pia kwenye kile kiasi cha benki. Mtoto wa nje ambaye mke hamjui, atajulikana kupitia fomu. Na ukimficha, kanuni ni kali: mtoto asiyetajwa na kupimwa wakati wa maombi huwezi kuja kumwombea baadaye kama mtoto wako wa familia. Nimemwona mwanamume mzima akitokwa na machozi kwenye maegesho ya gari kwa sababu hiyo. Mwambie mwenzako sasa, nyumbani, wala asije kulisoma kwenye kompyuta.

Kinyume chake, mpwa uliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu na anayekuita baba, mbele ya sheria ya kule si mtoto wako mpaka mahakama iseme hivyo kwa hukumu ya kuasili. Hilo si jambo la mwezi mmoja, na lisifanywe kwa ajili ya viza tu. Na kama una mtoto wa ndoa iliyovunjika unayetaka kwenda naye, mzazi mwenzako lazima akubali kwa maandishi. Wengine watataka walipwe kwa ridhaa hiyo. Nitasema waziwazi: kaeni na wazee, msikae na noti.

Ada za serikali yenyewe ni jambo dogo, ingawa watu hulihofia zaidi. Kwa viwango vya Aprili 30, 2024, kila mtu mzima hulipa dola 950 za kushughulikia maombi na dola 575 za haki ya ukaazi. Mtoto hulipa 260. Alama za vidole ni 170 kwa familia. Baba, mama na watoto wawili inakuwa 3,740. Zile 575 hurudishwa mkikataliwa, lakini 950 hazirudi. Juu ya hapo kuna kuthibitisha shahada, mtihani wa Kiingereza kwa wote wawili, hati za polisi, pasi za kusafiria (ya Tanzania ni shilingi 150,000 kwa kila kichwa) na vipimo vya afya kwa daktari aliyeteuliwa na Kanada, ambavyo tangu Agosti 2025 hufanywa kabla ya kutuma maombi. Ukichanganya yote na nauli za kwenda na kurudi maofisini, familia ya watu wanne isitenge chini ya dola 6,000 nje ya ile pesa ya benki. Tiketi za ndege ni mbali. Kinachoumiza ni mpangilio: matokeo ya Kiingereza yanakufa baada ya miaka 2, uthibitisho wa shahada baada ya 5, na ukishaalikwa una siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu. Aliyeanza na mtihani kabla ya kuwa na pesa benki huishia kuulipia mara mbili. Anza na vyeti na akiba, mtihani uje baadaye.

Usidhani pia kwamba baba ndiye lazima awe mwombaji mkuu. Mfumo wa alama unafika 1,200 na unaangalia umri, elimu, lugha na uzoefu. Pigeni hesabu mara mbili kwenye kikokotoo cha serikali kilichoko mtandaoni, mara moja kwa jina la mume na mara moja kwa jina la mke. Kwetu mke wangu, mwalimu, alinizidi alama thelathini na mbili, na nikanywea. Nilikula kiburi changu kwa ugali siku hiyo. Na kama mmoja wenu ana Kifaransa, jueni mmekalia dhahabu. Machi 2025 kulikuwa na mwaliko wa wasema Kifaransa ambapo alama 379 zilitosha, wakati wengine walikuwa wanahangaika na zaidi ya 500. Wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura wanaosumbuka na Kiingereza peke yake wanaacha mlango uliofunguliwa.

Nikisema vyeti, nina maana ya majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA unaitwa hivi, kwenye cha kidato cha nne NECTA ikakuandika vile, kwenye ndoa padri au kadhi akaongeza jina la babu, na pasi ikabeba matatu kati ya manne. Kwetu hilo ni jambo la kucheka. Kwa mtu aliye Ottawa anayesoma faili bila kukuona, hao ni watu watatu. Weka vyeti vyote mezani usiku mmoja, mke na mume, na mlinganishe herufi kwa herufi. Palipotofautiana, rekebisheni au muape kiapo mbele ya wakili kabla ya jambo lingine lolote. Halafu chuo ulichosoma ndicho kinachotakiwa kutuma matokeo yako kwa wanaothibitisha shahada, kwa hiyo andaa siku za kwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya msajili. Aliyeishi nchi nyingine miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita atahitaji hati ya polisi ya huko pia. Kama ulifanya kazi Muscat au Dubai, itafute ungali na rafiki kule wa kukufuatilia.

Kuhusu mawakala nitasema machache kwa sababu nikianza sitanyamaza. Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure. Fomu unaweza kujaza mwenyewe. Mtu pekee anayeruhusiwa kukutoza pesa kwa kukuwakilisha ni mwanasheria wa Kanada, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chuo chao cha washauri wa uhamiaji, ambacho kina orodha ya wazi mtandaoni. Jina lisipokuwepo, aage. Mjomba wangu alimpa wakala mmoja milioni nne na akapewa risiti yenye bendera ya jani jekundu. Risiti anayo mpaka leo.

Haya, mmefika. Niwawekee mezani matumizi ya mji wa Edmonton kwa familia ya watu wanne, kwa makadirio ya bei za sasa, kama tunavyoishi sisi na tunaowafahamu, bila anasa. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili, 1,600 kwa mwezi. Chakula, 1,000, na hapo mnapika wenyewe. Umeme, maji na bima ya mpangaji, 250. Simu na intaneti, 200. Pasi mbili za basi, 200. Jumla 3,250 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni 19,500. Ongeza amana ya nyumba, ambayo Alberta haitakiwi kuzidi kodi ya mwezi mmoja, 1,600. Malazi ya muda ya wiki tatu wakati mnatafuta nyumba, 2,500. Vitanda, magodoro, sufuria na meza moja, 2,000. Nguo za baridi kwa wanne, nyingi zikiwa mitumba, 1,000. Tumefika 26,600. Ulikuja na 28,362. Imebaki dola 1,762, na hakuna aliyeugua jino.

Jino nimelitaja makusudi. Hospitali na daktari Alberta ni bure kwa mkaazi tangu siku anayofika, ingawa British Columbia na Quebec humfanya mgeni asubiri kwanza. Lakini meno, miwani na dawa nyingi za kununua dukani havimo. Mwenye jino la kuziba azibe Dar. Mwenye miwani apimwe na atengeneze mbili.

Kwa nini nihesabu miezi 6 bila mshahara? Kwa sababu kazi ya kwanza mimi niliipata mwezi wa tatu, ghalani, zamu ya usiku, mtu mwenye shahada ya uhandisi na miaka kumi na mmoja kazini. Mwenye nyumba wa kwanza tuliyemwendea alitaka historia yangu ya mikopo Kanada. Sikuwa nayo, kama ambavyo hakuna mgeni aliye nayo. Kazi ya taaluma huja baadaye, na taaluma nyingine zina geti lake lenye ada. Muuguzi wa Muhimbili hafiki na kuvaa sare kesho yake. Atapitia usajili wa jimbo na mtihani wa NCLEX-RN, ule ule unaotumika Marekani. Mwalimu ataomba leseni ya jimbo. Tenga fungu la hilo kabla hujaondoka, la sivyo utakaa ghalani miaka mitano ukiwa na shahada sandukuni. Bima ya gari kwa mgeni inaweza kuuma kuliko gari lenyewe, kwa hiyo chukua TRA barua inayothibitisha umekuwa na leseni tangu mwaka gani.

Kuna posho ya watoto ya serikali, na watu wa nyumbani huitaja kama mana. Ni kweli ipo: kwa mwaka ulioanza Julai 2025 inafika dola 7,997 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 na 6,748 kwa wa miaka 6 hadi 17, ikipungua kadiri kipato kinavyoongezeka. Jaza fomu wiki ya kwanza. Ila usiiweke kwenye bajeti ya miezi ya mwanzo, kwa sababu inakuja ikipenda yenyewe. Ikija iwe ya kujaza pengo.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni dada wa kazi. Dar tulikuwa naye, na mama mkwe alikuwa Tabata, dakika ishirini tu. Edmonton mtoto wa miaka mitatu akiumwa homa saa tisa usiku, mmoja wenu haendi kazini, na zamu haina huruma. Tangu Aprili 2025 Alberta imeweka ada moja ya dola 326.25 kwa mwezi kwa mtoto anayekaa kutwa nzima kwenye kituo chenye leseni, ambayo si mbaya hata kidogo. Shida ni kupata nafasi. Andikisha jina kwenye vituo vitatu kabla hamjapanda ndege. Sisi tuliishi mwaka mzima kwa kupishana mlangoni, mimi naingia yeye anatoka, tukiachiana maagizo kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Shule ya msingi ni bure, na inaanza mwanzoni mwa Septemba. Ukiweza kuchagua, fika Mei au Juni. Sisi tulitua Februari, nje digrii 30 chini ya sifuri, na makoti tuliyonunua kwa bei kubwa Kariakoo yalikuwa ya mvua. Usinunue koti la baridi mahali ambapo muuzaji hajawahi kuona baridi.

Wako wanaoshauri mwombaji mkuu atangulie peke yake, apate kazi na nyumba, familia imfuate viza zao zikiwa bado hai. Kipesa inapunguza, kwa sababu mtu mmoja hulala popote. Lakini mnalipa nyumba mbili, na viza ina tarehe ya mwisho ambayo kwa kawaida haizidi mwaka tangu vipimo vya afya. Mkitengana zaidi ya miezi minne, mimi siishauri njia hiyo. Nimeona ndoa ngumu zikilainika huko, na nimeona nzuri zikivunjika kwa simu.

Tumalize na watu mnaowaacha. Wengi huficha safari mpaka siku ya uwanja wa ndege kwa kuogopa jicho la watu. Jifiche kwa majirani ukitaka, lakini anayekula kutoka mkononi mwako anastahili kujua. Mama yangu alikuwa akipata laki mbili kila mwezi. Tulikaa naye, tukamweleza kwamba kwa miezi 8 itakuwa laki moja, na tukaiweka hiyo laki kwenye akaunti yake yote kwa pamoja kabla ya kuondoka. Aliuliza maswali mawili tu na akatubariki. Aliyeachwa gizani hupiga simu wiki ya pili akidhani umeshakuwa tajiri, na utatuma kwa aibu pesa ya kodi ya nyumba. Mkutano wa kuagana mkubwa, wenye ukumbi na vinywaji, unakula nauli ya mtoto mmoja. Pikeni pilau nyumbani.

Na muwe na nauli ya msiba. Tiketi ya ghafla ya kwenda na kurudi kwa mtu mmoja, iliyotengwa kwenye akaunti isiyoguswa. Mnapoondoka kaeni chini na muulizane bila kuoneana aibu: baba yako akifariki mwezi wa tatu, unakwenda? Kadi ya ukaazi ya kwanza hutumwa kwa posta baada ya wiki kadhaa, na ukitoka Kanada kabla ya kuipata, kurudi kunahitaji hati nyingine ya kuomba ubalozini. Baba mkwe alifariki mwezi wetu wa tano. Mke wangu alikwenda, mimi na watoto tulibaki, na msiba tuliufuatilia kwenye simu tukiwa tumekaa sakafuni. Pesa ya tiketi ilikuwepo. Hilo tu ndilo tuliloweza kulipanga.

Kwa hiyo usimtafute mwenye milioni hamsini za siku tano. Nenda benki na mwenzako mwezi huu, mfungue akaunti ya safari, muweke hata laki tatu. Tarehe mtakayoifungua ndiyo itakayoandikwa kwenye barua.